Mtoto Hunywa Pamoja na Mamaye



Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 13, twasoma habari za mke wa Manoa, mwanamke tasa aliyetokewa na malaika. Aliahidiwa mwana, na papo hapo akaonywa asinywe divai wala kileo. Ni kweli kwamba agizo lile lilihusu unadhiri wa Samsoni. Lakini angalieni: sharti la mtoto lilianza kushikwa na mama, mtoto angali tumboni.

Waganga walichelewa kulifahamu jambo hili. Mwaka 1968, daktari Paul Lemoine wa Ufaransa aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973, huko Marekani, Kenneth Jones na David Smith walieleza ugonjwa huo na kuupa jina.

Kileo anywacho mama huingia katika damu yake, kikapita kondo la nyuma na kitovu hata kumfikia mtoto. Ini la mtoto ni changa, haliwezi kukiondoa upesi. Na ubongo wake, unaojengwa tangu majuma ya kwanza hata siku ya kuzaliwa, ndio huumia zaidi. Wengine huzaliwa wadogo, wenye macho mafinyu na mdomo wa juu mwembamba. Wengi hawana alama yo yote usoni, na hao ndio tuwaoneao huruma zaidi. Mtoto afundishwa leo, kesho amesahau. Hawezi kutulia. Mwalimu amwita mvivu, babaye amchapa kwa ukaidi, kumbe si ukaidi! Aliumizwa kabla hajapewa jina. Dawa ya kumponya haipo, ijapokuwa akitambuliwa mapema aweza kusaidiwa sana.

Wako wasemao kwamba bia nyeusi huongeza damu, au kwamba busaa ni chakula tu. Kileo ni kileo, kiwe cha chupa, cha kibuyu au cha mnazi. Hakuna kipimo kijulikanacho kuwa salama, wala mwezi ulio salama. Kwa damu, mama ale mboga za majani na maharagwe, na ameze vidonge apewavyo kliniki.

Naye Manoa hakusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Aliomba malaika arudi, ili yeye pia afundishwe. Twawauliza waume waletao chupa nyumbani na kumshurutisha mke mjamzito aonje: ninyi mwaomba nini?

Mama aliyekunywa kabla ya kujua ana mimba asikate tamaa. Akiacha leo, amemfaa mtoto. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake, maana aweza kushikwa na kifafa. Aende kliniki aseme kweli. Nasi washarika tusimseme vibaya, kwa kuwa haya imewazuia wengi wasiende.

Wengine wameuliza juu ya kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Mama mjamzito apendaye kujizuia na apokee mkate peke yake. Amepokea ushirika mzima, wala hajapungukiwa na kitu. Amwambie kasisi wake mapema, kabla ya ibada, ili asipite mbele yake na kikombe akamtia wasiwasi pale madhabahuni.