Uso wa Katuni na Lugha Yake

Mtoto wa Ruaruke, katika Wilaya ya Kibiti, anapotazama katuni kwenye simu, humpima mhusika kwa sauti na kwa uso. Sauti yaweza kutiwa Kiswahili. Uso hubaki kama ulivyochorwa. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba uso nao una lugha yake, nasi tuchunguzao Kiswahili hatujaishughulikia vya kutosha.

Mwaka 1971 Paul Ekman na Wallace Friesen wa Marekani, baada ya kuwaonyesha picha Wafore wa New Guinea, walitangaza kwamba nyuso za furaha, hasira na huzuni hufahamika kwa watu wote. Fikira hiyo ilienea sana. Walakini mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walitoa uchunguzi uliowahusu pia Wamwani wa Msumbiji, ambao lugha yao ni jirani sana ya Kiswahili. Tabasamu lilitambuliwa kuwa furaha kuliko nyuso nyinginezo. Katika hizo, mapatano yalikuwa haba.

Tukiyatazama maneno yetu twaweza kudhani sababu mojawapo. Kiswahili kinapotaja uso hakielezi moyo tu, bali hupima adabu. Mwenye bashasha ni mtu wa kukaribiwa. Aliyenuna hataki watu. Mwenye macho makavu hana haya, na wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Basi mhusika amkaziaye macho mzee wake huku akitabasamu, ambaye mchoraji alimkusudia awe mkweli na jasiri, aweza kuhukumiwa kwetu kuwa mjeuri. Kosa hilo tafsiri haiwezi kulisahihisha, kwa kuwa hakuna neno lililokosewa.

Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, hutungwa Dar es Salaam. Wachoraji wa namna hiyo wana nafasi ya kuchagua nyuso za hapa. Lakini hapana budi wapewe orodha ya kuchagulia.

Kazi hiyo ni yetu. Ruaruke pafaa kuanzia, maana huko Kiswahili hukaa pamoja na Kindengereko, lugha ambayo vijana wengi hawaisemi tena. Wazee na waulizwe kwa lugha zote mbili, si “Huyu ana nini moyoni?” bali “Huyu ni mtu wa namna gani?” Swali hili la pili ndilo mtoto alijibulo kabla mhusika hajatamka neno.