Radi inaponguruma, watoto darasani wanajua la kufanya?

Mvua zinapoanza sisi watu wa afya hujitayarisha kwa malaria na kuhara. Tunahesabu dawa, tunakagua vyoo, tunawakumbusha akina mama kuhusu chandarua. Lakini kuna hatari nyingine inayokuja na mvua hiyo hiyo, na katika kurasa hizi hatujaizungumzia vya kutosha. Ni radi. Na mahali inapoweza kuwakuta watoto wengi kwa pamoja ni shuleni.

Hapa Uganda si jambo la kubuni. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao mmoja. Walikuwa wameingia darasani kujikinga na mvua. Wengine wengi walijeruhiwa. Halafu Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, wakimbizi wenzetu wa kambi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, walikuwa wamekusanyika kwa maombi katika jengo la mabati. Radi ilipiga jioni. Watu 14 walikufa na 34 walijeruhiwa, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto na vijana.

Katika matukio yote mawili watu walikuwa wamejificha mahali penye paa. Hilo ndilo linalowashangaza wazazi wengi tunapokutana nao. Wanasema, "Lakini walikuwa ndani!" Ndiyo, walikuwa ndani. Ila nyumba ya nguzo za miti na paa la bati, au ile ya shitingi, haina njia ya kuipeleka radi ardhini kando ya watu. Umeme ukishuka kwenye bati hutafuta njia kupitia nguzo, ukuta, sakafu yenye unyevu, na miili ya waliokaa pale. Tena watu wengi hawapigwi moja kwa moja: umeme husambaa katika ardhi na kuwapanda kwa miguu. Mtoto aliyekanyaga sakafu ya udongo iliyolowa, bila viatu, hana kinga yoyote.

Bati lenyewe halina kosa. Halivuti radi, kama wengine wanavyodhani, na hatumwambii mtu yeyote aezue nyumba yake. Kinachokosekana ni ule waya mnene unaotoka juu ya paa na kuzikwa ardhini, ambao watu huuita mtego wa radi. Shule ya Runyanya iliwekewa baada ya msiba. Shule nyingi za makambi bado hazina, na kamati za wazazi zina haki ya kuuliza jambo hilo kila zinapokutana na wale wanaojenga madarasa. Ulizeni kabla jengo halijakwisha, kwa sababu baadaye utaambiwa fedha zimekwisha.

Wakati tunangoja, kuna kitu kisichohitaji fedha: kupanga na kufanya mazoezi. Nitawasimulia yaliyotupata katika shule moja tuliyoitembelea. Sitaitaja jina, maana mwalimu mkuu alitukubalia kwa moyo mweupe na makosa yalikuwa yetu sote.

Tulikaa na walimu asubuhi, tukakubaliana kwamba kengele ikilia mfululizo, kila darasa lililo nje liingie ndani. Kengele ya shule hiyo ni rimu ya gari, imening'inizwa kwenye muembe katikati ya uwanja, na hupigwa kwa chuma. Mwalimu wa zamu akaenda, akapiga. Unajua kilichotokea? Watoto wote wakatoka nje mbio, wakakusanyika chini ya muembe. Kwao kengele ni mapumziko, na mapumziko ni pale kwenye kivuli. Tukawa tumewakusanya mamia ya watoto mahali pabaya kuliko pote, chini ya mti mrefu peke yake uwanjani, na mwalimu wao ameshika chuma mkononi.

Walimu walicheka, kisha kicheko kikaisha. Mmoja wao akasema kwamba hata siku ya radi ya kweli angepaswa kukimbia hadi kwenye mti ule ili kuwaonya watoto. Siku hiyo hiyo tuliiacha kengele. Sasa kila mwalimu ana firimbi shingoni, na mwalimu wa kwanza kusikia ngurumo hupiga, wengine wanaitikia.

Lugha ilitusumbua pia. Darasa la saba walielewa amri ya Kiingereza. Darasa la kwanza walitazamana. Katika darasa moja kuna watoto wa Kihema, Kilendu, Kialur, Kinyabwisha, na wengine waliofika kambini mwezi jana. Walimu walijadiliana kwa muda mrefu kuhusu hilo, zaidi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu shule inataka watoto wazoee Kiingereza. Mwishowe mama mmoja wa kamati akauliza: mtoto akiungua jikoni, unamwita kwa lugha gani? Neno lililochaguliwa ni moja tu, "Ndani!", na watoto hulirudia wote kwa sauti.

Zoezi la pili lilikwenda vizuri zaidi. Madarasa yaliyokuwa yakisomea chini ya miti yalihamia katika jengo la matofali lenye sakafu ya saruji, ambalo ndilo bora kati ya yaliyopo. Hatukuwadanganya watoto kwamba pale ni salama kabisa. Jengo lisilo na mtego wa radi linapunguza hatari ikilinganishwa na mti au uwanja, basi. Kwa hiyo walifundishwa kukaa juu ya madawati, miguu pamoja, imeinuliwa kutoka sakafuni kama inawezekana, bila kuegemea ukuta, nguzo, mlango wala dirisha la chuma, na bila kubanana wala kushikana. Hili la mwisho ni gumu. Mtoto akiogopa humkumbatia mwenzake, na ni nani atamlaumu? Ndiyo sababu walimu wa madarasa madogo wanaimba nao wakiwa wamekaa mbalimbali.

Wakati wa kutoka nao una kanuni. Ukisikia ngurumo, hata kama mvua haijaanza na jua bado linawaka upande mmoja, radi inaweza kukufikia. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie sauti: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Baada ya ngurumo ya mwisho, ngojeni dakika 30 kabla ya kutoka. Ngurumo nyingine ikisikika, anzeni kuhesabu upya. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba katika miezi ya mvua atapoteza vipindi vyote. Mwenzake akamjibu kwamba hesabu za kichwa hazihitaji ubao. Wazazi nanyi, msiwalaumu walimu watoto wakichelewa kurudi siku ya radi, na msimtume mtoto mkubwa kwenda kumchukua mdogo wake wakati anga linanguruma. Njia ya kwenda shule inapita mashambani, na mtoto peke yake katika uwanja wazi ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo pale. Gari lililofungwa lenye paa la chuma ni kinga nzuri. Pikipiki na baiskeli si kinga.

Sasa naja kwenye jambo linalonigusa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa bila lazima. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja. Najua yale tunayosimuliwa nyumbani: kwamba radi imetumwa na mtu, kwamba asiguswe mpaka mzee fulani aje. Mimi mwenyewe nimekua nikisikia hayo, na sitaki kubishana na mtu kuhusu imani katika saa ya msiba. Nasema tu kwamba radi mara nyingi husimamisha moyo na pumzi, na mtu wa namna hiyo bado anaweza kurudi akisaidiwa katika dakika chache za kwanza. Mzee akija baada ya saa moja atakuta maiti.

Kama waliopigwa ni wengi, kwanza angalieni kama radi imetulia au mnaweza kuwasogeza mahali pazuri zaidi, msije mkapigwa nanyi. Kisha nendeni kwa wale walio kimya. Wanaolia na kugugumia wanapumua, na wengi wao wataishi. Asiyetikisika ndiye anayewahitaji sasa. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, kama mara mbili kwa sekunde, mara 30. Inua kidevu, ziba pua, mpulizie hewa mdomoni mara mbili uone kifua kikipanda. Rudia, mkipokezana, mpaka apumue au msaada ufike. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja. Tuliwafundisha walimu na wanafunzi wa darasa la sita na la saba kwa kutumia gunia lililojazwa nguo, na wasichana wawili walifanya vizuri kuliko sisi.

Wote waliopigwa waletwe kituo cha afya, hata anayesema hana kitu. Radi inaweza kupasua ngoma ya sikio, kuunguza chini ya nguo, kudhuru macho, na mjamzito anahitaji kuangaliwa mtoto tumboni. Namba ya simu ya gari la wagonjwa iandikwe kwa rangi ukutani ndani ya kila darasa. Katika shule hiyo tuliikuta kwenye karatasi, ndani ya kabati la ofisi, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mazishini.

Zoezi la tatu tulilifanya bila kuwaambia watoto mapema. Firimbi zililia, "Ndani!" ikasikika, na viwanja vikawa vitupu upesi. Mtoto anayetembea kwa mikongojo aliingia na wenzake wawili waliopangwa kumsindikiza, si wa mwisho wala wa kwanza. Kila mwalimu aliita majina. Darasa la tatu walipungua wawili. Tulianza kuulizana, mwalimu amekunja uso, mpaka mtoto mmoja akanyoosha kidole upande wa vyoo. Walikuwa huko, wamejifungia, wameketi kimya kama walivyofundishwa, wakingoja mtu aje kuwaambia kwamba imekwisha. Vyoo vina milango ya bati na vimesimama peke yake mlimani. Tangu siku hiyo mwalimu wa zamu hupita vyooni ngurumo ya kwanza inaposikika, kabla hajaingia ndani mwenyewe, na walimu wanazungumza kama kazi hiyo ipewe mtu mwingine, kwa sababu yeye naye ana watoto nyumbani.