Viroboto wa Paka na wa Nyumbani
Wakazi wa Irente na watumishi wa umma wanakumbushwa kuwa kiroboto si kero ya paka tu. Wilayani Lushoto, tangu mwaka 1980 hadi 2004, tauni iliwapata watu zaidi ya 7,000, na huenezwa na viroboto wa panya. Hivyo viroboto wauawe kwanza, ndipo panya wategwe. Panya akifa, viroboto humhama kutafuta damu nyingine, ya paka au ya mtu.

Mayai ya kiroboto hudondoka sakafuni, na kumtibu paka peke yake ni kazi bure. Matandiko yafuliwe kwa maji moto, uvungu ufagiliwe kila siku kwa wiki kadhaa. Dawa ya mbwa yenye permethrini yaweza kumuua paka. Apatapo mtu homa na mtoki, awahishwe zahanati.