Sauti za Kudhaa Ndani ya Simu (Sehemu ya Pili)

Malalamiko kwamba simu imeua mazungumzo yanasikika kila baraza la Waswahili, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Vijana wameinamisha vichwa, wazee wanasema peke yao, na harusini watu wanaipiga picha pilau mpaka inapoa. Sehemu ya kwanza ya makala haya iliyapima malalamiko hayo katika miji mikubwa ya pwani. Sehemu hii inavuka mpaka wa Kenya na Somalia na kwenda Kudhaa, mahali ambapo mashtaka dhidi ya simu hayasimami vizuri. Huko mazungumzo ya uso kwa uso yalivunjwa na bunduki, tena mapema, wakati simu ya mkononi haijawa kitu cha mtu wa kawaida popote Afrika Mashariki.

Kudhaa ni miongoni mwa visiwa vya Wabajuni, jamii ya Waswahili wa pande hizo, vile vinavyofuatana na ufuo kutoka Kismayo kushuka hadi Ras Kamboni: Koyama, Chovai, Chula na vingine vidogo. Kutoka Kismayo hadi Kudhaa mtu husafiri zaidi ya kilomita 100 kuelekea kusini-magharibi. Maisha ya watu wa visiwa hivi yalijengwa juu ya kazi zisizofanyika bila watu kusemezana. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, haukuwa kazi ya fundi mmoja aliyejifungia kimya. Kasa alivuliwa kwa chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani: alifungwa kamba mkiani, akaachiwa amwandame kasa na kumganda, na waliomo chomboni wakawa hawana budi kuelewana ni saa ngapi kulegeza na saa ngapi kuvuta. Mashambani kulikuwa na vave, nyimbo za usiku wa kuamkia kuchoma mapori yaliyofyekwa, na huko majini kimai, nyimbo za baharini. Ni fani za midomo na masikio, na anayezijua alizipata kwa kukaa karibu na aliyezijua kabla yake.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre, mtawala wa Somalia, ilianguka. Wabajuni, watu wachache wasio na jeshi la ukoo la kuwakinga, walivamiwa na kuporwa, na wengi wakapanda vyombo kukimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Kambi ya Jomvu, pembeni mwa Mombasa, ikawa makao yao hadi ilipofungwa mwaka 1997. Baadhi wakarudishwa visiwani, wengine wakabaki Kenya kwa ndugu, na wengine wakaendelea hadi Ulaya, hasa Uingereza. Familia moja ikawa na mtu Kudhaa, mtu Kismayo, mtu Mombasa na mtu Birmingham. Utengano huo ulikuja kabla ya WhatsApp kwa karibu miaka ishirini, maana programu hiyo ilianzishwa mwaka 2009.

Watu walisemezanaje katika miaka hiyo? Kwa kaseti, kwanza. Mtu alijirekodi upande mzima wa kanda, akampa msafiri, na majibu yakaja baada ya miezi. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, kulikuwa na taar, redio za mawasiliano ambazo mtafiti Cindy Horst amezieleza katika kitabu chake cha mwaka 2006, Transnational Nomads. Mkimbizi aliitwa na jamaa yake aliyebaki Somalia, akaja ofisini, akazungumza huku waliomo chumbani wakisikia kila neno. Siri haikuwepo. Lakini si vibaya kukumbuka kwamba hata barazani siri haikuwepo, na watu waliishi.

SMS haikuwatatulia sana jambo hili, na sababu yake haitajwi mara nyingi. Ujumbe wa kwanza wa maandishi ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ukubwa wa SMS ukawa herufi 160. Kwa Mbajuni wa Somalia tatizo halikuwa hizo 160. Oktoba 1972 serikali ya Barre ilitangaza herufi za Kilatini kuwa maandishi rasmi ya Kisomali, na Kisomali kikawa lugha ya shule. Mtoto wa Kudhaa aliyebahatika kusoma alisoma Kisomali. Chuoni alisoma Qurani kwa herufi za Kiarabu. Kibajuni, lugha aliyoongea na mamake, hakufundishwa kukiandika popote. Akishika simu atume ujumbe nyumbani, alilazimika ama kukibuni mwenyewe kimaandishi au kuandika Kiswahili cha redioni. Mzee wa upande wa pili, ambaye huenda husoma Kiarabu tu, alimtafuta mjukuu amsomee. Hapo ndipo udhaifu wa maandishi unapoonekana: kati ya watu wawili wanaopendana ameingia wa tatu, msomaji.

Agosti 2013 WhatsApp iliweka kitufe cha ujumbe wa sauti. Mtu anabonyeza, anasema, anaachia. Kufikia Machi 2022 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba watu wanatumiana jumbe za sauti bilioni 7 kila siku duniani. Kwa jamii ambayo lugha yake haina shule wala gazeti, kitufe hicho kimefanya kazi ambayo miaka ya kuandika isingeifanya. Bibi hahitaji msomaji. Anasikia kikohozi, anasikia kicheko, anasikia kwamba mwanawe amechoka ingawa anasema hajambo.

Sayansi inaunga mkono jambo hili kwa kiasi. Mwaka 2012 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wasichana wadogo waliopewa mtihani wa kuwatia wasiwasi, kisha wakawasiliana na mama zao. Waliozungumza na mama ana kwa ana, na waliosikia sauti yake kwa simu, miili yao ilitulia na kutoa oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu wa watu. Walioandikiana na mama kwa kompyuta walikuwa sawa na wale ambao hawakuwasiliana naye kabisa. Maneno ya mama yalifika, lakini mwili wa mtoto haukuyatambua kuwa ni mama. Mwaka 2021 Amit Kumar na Nicholas Epley, nao wa Marekani, walionyesha kwamba watu hutarajia kuzungumza kwa sauti kutakuwa na haya na ugumu zaidi kuliko kuandika, lakini wakizungumza hujikuta wamekaribiana zaidi, na ule ugumu waliouogopa hawauoni.

Sauti hiyo nayo si ya kuaminika daima, kwa kuwa njia yake iko mikononi mwa wengine. Januari 2014 wapiganaji wa kundi la al-Shabaab waliziamuru kampuni za simu za Somalia kuzima intaneti ya simu ndani ya siku 15, na Hormuud, kampuni kubwa ya kusini, ikaizima. Kudhaa yenyewe ilikuwa chini ya kundi hilo kabla majeshi ya Somalia na ya jimbo lake la Jubaland hayajaitwaa Machi 2015. Juni 2017 meli ilikata waya wa mawasiliano ulio chini ya bahari, na kwa zaidi ya wiki tatu sehemu kubwa ya nchi ikakosa intaneti. Aliyekuwa na mama upande huo alirudi zama za kungoja msafiri.

Basi simu imewapa waliotawanyika kitu ambacho vita viliwanyang'anya. Swali gumu zaidi ni lile la waliokaa pamoja. Wabajuni wa Mombasa na Malindi, kama jirani zao Waamu na Wamvita, wana mabaraza, na barazani ndipo hasara inapoonekana. Mwaka 2018 watafiti Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walichapisha jaribio lililohusisha watu zaidi ya 300 waliokwenda kula na marafiki au jamaa. Wengine walitakiwa kuwa na simu mezani, wengine wakaziweka mbali. Wenye simu walifurahia mlo kidogo kuliko wenzao na wakajiona mawazo yametawanyika. Tofauti haikuwa kubwa, na watafiti hawakudai kuwa ni kubwa. Ila mlo ni mmoja, na baraza ni la kila jioni kwa miaka.

Kuna mambo ambayo pwani haijawahi kuyakubali yafanywe kwa mbali, na yanastahili kutajwa moja kwa moja. La kwanza ni taazia. Kumwandikia mfiwa "Inna lillahi" na kumtumia alama ya mikono iliyounganishwa kunachukua nukta tano. Kwenda matangani, kukaa mkekani na kunyamaza naye, kunachukua jioni nzima, na mfiwa anaijua tofauti. La pili ni kutakana radhi. Ugomvi ulioanzia kwenye grupu la WhatsApp, mbele ya watu mia mbili, hauishii hapo. Katika grupu hakuna mzee anayeweza kumshika mtu mkono amtoe nje, wala hakuna anayeona jicho la mwenziwe likibadilika kabla ya neno baya kutoka.

La tatu ni talaka. Julai 2003 mahakama ya sharia ya Gombak Timur nchini Malaysia iliamua kwamba talaka aliyoitoa mume kwa SMS ni halali, na uamuzi huo ukazusha mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi hiyo. Uhalali ni kazi ya makadhi. Mtu wa kawaida ana haki ya kusema kwamba mume aliyeozwa mbele ya wazee na mashahidi, akaacha kwa kidole, amekimbia uso wa mkewe.

Watu wa visiwa hivi wanajua vizuri zaidi ya wengi gharama ya kuhukumiwa na mtu usiyemwona. Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza walijikuta wakihojiwa kwa simu na wachambuzi wa kampuni ya Sprakab ya Sweden, ambao walisikiliza matamshi yao kwa dakika chache na kuandika ripoti kama mtu anatoka visiwani au Kenya. Derek Nurse, mwanaisimu aliyeanza kukusanya Kibajuni tangu miaka ya 1970, aliandika sana juu ya ugumu wa kazi hiyo. Mtoto aliyezaliwa Kudhaa akakulia Jomvu anaongea Kibajuni chenye Mombasa ndani yake, na hilo halionekani katika mahojiano ya haraka. Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya waombaji wengine kutoka Somalia, ilionya kwamba ripoti za aina hiyo zipimwe kwa uangalifu na kwamba mchambuzi asivuke mipaka ya utaalamu wake. Sauti ile ile inayomtuliza bibi, ikitenganishwa na uso, historia na jamaa wa mtu, inaweza kumfungia mlango.

Kwa hiyo hukumu ya makala haya haiwezi kuwa moja kwa watu wote. Aliye Birmingham na mamake yuko Kismayo atume sauti, tena ndefu, kwa Kibajuni chake chote, na asijifiche nyuma ya maandishi mafupi kwa kisingizio cha kazi. Aliyekaa barazani aiweke simu mfukoni mpaka kahawa iishe. Na aliye Kisauni, ambaye shangazi yake yuko Likoni na amefiwa wiki hii, hana udhuru wowote wa kuandika: na apande feri.