Milimita 0.66 na kodi ya miezi sita

Kijana wa Mwanga, hapa Kigoma, akiajiriwa ufundi wa ndege Dar es Salaam, sokoni watu humhesabia utajiri kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Hawajakosea kabisa. Fundi wa ndege hulipwa kuliko wengi aliosoma nao, na ukiuweka mshahara wake kando ya kima cha chini cha watumishi wa serikali, kilichopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, huoni sababu ya kumwonea huruma. Ila mizani hiyo ina upande mmoja tu. Haiulizi kazi inamlazimisha aishi wapi, wala jiji linamdai nini kabla hajaifikia ndege. Naona ubishi wote juu ya malipo ya mafundi hawa umekwama hapo: tunapima ujuzi na kusahau anwani, na anwani ndiyo inayoamua fundi atalala saa ngapi. Usingizi huo unamhusu kila anayepanda ndege Kigoma, maana ndege inayotua hapa asubuhi, kwa kawaida, ilikaguliwa usiku Dar es Salaam abiria wake wakiwa bado kitandani.

Kilichoninasa mimi ni bolti. Juni 10, 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ikiwa bado inapanda, zaidi ya futi 17,000 juu ya mji wa Didcot, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kiling'oka, na hewa ikamvuta rubani nusu mwili nje. Mhudumu alimng'ang'ania, rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton, na kwa maajabu hata yule rubani alipona. Wachunguzi walirudi nyuma hadi usiku wa kuamkia siku iliyotangulia safari. Kioo kilikuwa kipya, kimefungwa saa 27 tu kabla. Kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kwa milimita 0.66, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi kwa milimita 2.5. Aliyezifunga hakuwa mwanagenzi wala mlevi. Alikuwa meneja wa zamu, fundi wa miaka mingi mwenye sifa njema, ambaye usiku ule zamu yake ilikuwa pungufu ya watu, hivyo kazi akaichukua mwenyewe. Alizitoa bolti za zamani, akaenda nazo stoo kutafuta zinazofanana. Msimamizi wa stoo alimwambia kioo kile kinataka bolti za namba nyingine. Yeye akaona zilizokaa miaka yote bila shida zinatosha. Pale hazikutimia. Akaenda kwenye stoo nyingine isiyo na mtu, yenye mwanga hafifu, akalinganisha kwa jicho, bila miwani aliyopaswa kuvaa anaposoma vitu vya karibu. Kisha akarudi kwenye ndege, akajinyoosha kwenye jukwaa lililomfikisha kwa shida, akazikaza kabla ya kupambazuka. Vichwa vya bolti vilizama kwenye matundu kuliko inavyotakiwa, lakini jinsi alivyokaa hakuweza kuona vizuri. Aliyefanya kazi ndiye aliyeipitisha. Akatia sahihi.

Sahihi hiyo ndiyo kiini cha ufundi wa ndege, na ndiyo mtu wa nje huwa haioni. Spana anaweza kuishika yeyote, lakini ndege hairudi kazini mpaka mwenye leseni aandike jina lake kwenye daftari kwamba iko salama. Leseni ni yake binafsi, na likitokea la kutokea anaulizwa yeye kwanza. Najua pingamizi linalokuja: katika kisa cha Birmingham hakuna aliyesema kwamba fundi yule alikuwa na njaa au kwamba mshahara haukumtosha, na ukimwongezea mtu pesa huongezi uwezo wa jicho lake kuona milimita 0.66. Ni kweli, na sitaki kukibebesha kisa hicho mzigo usio wake. Ninachokichukua kwake ni kwamba fundi hodari kabisa, alfajiri, peke yake, huteleza kwenye jambo ambalo mchana angelicheka. Basi tunaponunua kazi ya fundi tunanunua na akili iliyopumzika, na chochote kinachoila akili hiyo kabla ya zamu ni sehemu ya bei.

Sasa mwache fundi wa Dar es Salaam aeleze bei hiyo. Haanzi na ndege, anaanza na makato. Chukua mfano, atakwambia, kijana aliyesoma shahada kwa mkopo na kuanza kazi kampuni binafsi kwa 1,200,000 kwa mwezi, yote mshahara wa msingi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 120,000. Kwenye 1,080,000 iliyobaki, kodi ya mapato inaondoka na 152,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi inafika 748,000. Mtafutie chumba na sebule, tuseme vya 200,000, upande wa Gongo la Mboto au Kitunda ili asiwe mbali na uwanja. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na hiyo ni 1,200,000: mshahara mzima, ule wa kwenye karatasi. Dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Godoro bado, jiko bado, LUKU bado. Halafu kuna zamu. Daladala ni usafiri wa watu wa mchana. Anayemaliza kazi saa nane usiku ama apande bodaboda kwa bei ya usiku, ama ajikunje kwenye kiti karakana mpaka kukuche, na saa hizo hakuna anayemhesabia. Nyumbani Mwanga wadogo zake wanasubiri ada, kwa sababu kule sokoni tayari ni tajiri. Ndipo kijana anatafuta cha pembeni, kutengeneza majenereta au kuendesha pikipiki siku ya mapumziko, na kila shilingi ya pembeni inatoka kwenye usingizi. Kifurushi cha dagaa na dumu la mawese vinavyotumwa kwake kwa treni ya reli ya kati tunaviita zawadi. Ukipiga hesabu vizuri, ni familia ya Kigoma inayomchangia mwajiri wa Dar es Salaam.

Mtu atasema: mbona jiji linamuumiza kila mtu? Muuguzi naye anakesha, mlinzi naye anapanda bodaboda usiku. Sawa, na hao nao wana madai yao ya haki. Tofauti ni kwamba muuguzi akiishindwa Dar es Salaam anaweza kuomba uhamisho aje hospitali ya Maweni, na mwalimu anaweza kupangwa Kasulu akalima na mahindi. Mafundi wa MV Liemba walijifunza ufundi mgumu vilevile, kwenye meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na maisha yao yapo hapahapa bandarini, karibu na migebuka ya Kibirizi. Fundi wa ndege kubwa za abiria hana pa kukimbilia ndani ya nchi. Kazi yake ipo kwenye karakana chache za viwanja vichache. Leseni yake ukiipeleka Uvinza ni karatasi. Asiyeweza kuhama jiji hana silaha ya kujadili bei, na mwajiri anayeijua hali hiyo anaweza kuitumia.

Anayejadili upande wa mwajiri ana namba nzito. Ripoti ya CAG ilionyesha hasara ya Air Tanzania ikipanda kutoka shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23 hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24, na shirika lenye hasara kama hiyo litatoa wapi nyongeza? Lakini angalia ndege zenyewe: Airbus A220 za shirika hilo ziliwahi kukaa chini miezi kwa matatizo ya injini yaliyotoka kiwandani, na ndege iliyoegeshwa haina inachoingiza, fundi alipwe kidogo au vizuri. Kubana mshahara wa fundi hakuzibi shimo la namna hiyo. Pia soko la mafundi halina mipaka. Boeing, katika makadirio yake ya 2024, ilisema dunia itahitaji mafundi wapya zaidi ya laki saba ndani ya miaka 20, na mashirika ya Ghuba yanajua njia ya kuja Afrika Mashariki. Nairobi ilishaonja: mwishoni mwa 2017 mafundi wa Kenya Airways waligoma kudai mishahara, kampuni ikafukuza zaidi ya mia moja, na abiria ndio waliobaki viwanjani. Hata kwa matajiri jiji halimwachi fundi. Septemba 2024 wafanyakazi 33,000 wa Boeing, wengi wao eneo la Seattle, walikataa mkataba wa nyongeza ya asilimia 25 kwa kura asilimia 94.6, wakagoma huku wakilalamikia gharama za nyumba mjini kwao. Walirudi kazini Novemba kwa asilimia 38 ndani ya miaka minne.

Sidhani dawa ni kupandisha mishahara ya wote kwa asilimia fulani na kupiga makofi. Nyongeza ya namna hiyo mwenye nyumba huisikia redioni kabla haijaingia benki. Wazee wa reli hapa Kigoma wanakumbuka mpango mwingine: shirika lilijenga nyumba, na aliyekesha na injini hakuwa na safari ya kwenda kulala. Nyumba karibu na uwanja, gari la zamu ya usiku, mkopo wa kodi ya miezi sita usio na riba; hayo yanalenga usingizi moja kwa moja kuliko tarakimu kwenye slipu. Kikwazo ni kwamba hakuna anayemlazimisha mwajiri kuyafikiria. Saa za kazi za rubani zina ukomo wa kikanuni, na akizidisha harushi ndege. Saa za fundi, katika nchi nyingi, zimeachwa kwa mwajiri na ratiba yake. Na hata zikiwekewa ukomo kesho, zitaanza kuhesabiwa anapoingia getini uwanjani, au anapofunga mlango wake Gongo la Mboto? Ile siku ya mapumziko aliyokuwa juu ya pikipiki ataiandika nani?