Mtoto wetu alijua kulala mgongoni tu

Bandugu, leo siongelei mihogo. Bibi yangu alisinzia akinyonyesha, amekaa kwenye kiti, na mtoto alibakiza kidogo tu aanguke chini. Alikuwa na miezi 3. Tena hapa Bukama, na joto hili la kando ya Lualaba! Siku ile ndipo nilianza kusoma mambo ya usingizi.

Mtoto mchanga analala masaa 14 mpaka 17 kwa siku, lakini vipande vipande. Tumbo lake ni dogo, na mwili haujajua usiku ni nini. Unaanza kujifunza kwenye miezi 2 au 3 hivi. Basi mchana tulimwacha kwenye mwanga na kelele za nyumba, usiku giza na sauti chini. Kila dakika 50 au 60 hivi usingizi wake unakuwa mwepesi. Kama alisinzilia mgongoni kwa mama halafu anajikuta kitandani, analia, juu mahali pamebadilika. Kwa hiyo tunamlaza macho yakiwa mazito lakini hajalala bado: chali, godoro gumu, bila mto, ndani ya chandarua. Akilia namgusa kifua, nangoja kidogo. Akizidi, nambeba.

Kambo yake aliuliza kama tumemchoka mtoto. Hapana kambo, ni usingizi mmoja wa asubuhi tu, kama miche tunavyoizoesha jua kabla ya kuihamisha. Wiki ya kwanza, sifuri. Ya tatu, dakika 40 peke yake.

Usiku bado ananyonya mara mbili. Chini ya miezi 6 hiyo ni njaa ya kweli, musimwache alie. Akishiba, mimi namrudisha kitandani, bibi analala.