Viwanja Tukuyu: Mgeni Anunue kwa Nani?

Mfanyabiashara anayefuata parachichi, viazi, ndizi au chai wilayani Rungwe hulala nyumba ya wageni msimu wa kwanza, hupanga chumba msimu wa pili, na msimu wa tatu huulizia kiwanja. Hapo ndipo fedha za wengi huingia hatarini.

Zamani ujirani wa Wanyakyusa haukufuata ukoo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyotoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Uhaba wa ardhi na zao la kahawa viliuvunja utaratibu huo. Shamba likawa mali ya kurithi, na ukoo ukapata neno katika kila mauzo.

Kwa mnunuzi wa leo sheria ina milango miwili. Kiwanja kilichopimwa mjini kiko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na kabila la raia anayekinunua halina nafasi. Ukitoka nje ya mji unaingia katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Huko halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na haki ya kimila haihamishiwi mtu wa nje bila kibali cha halmashauri hiyo. Karatasi ya mauziano yenye saini ya balozi peke yake haitoshi.

Wapo pia wanawake. Kifungu cha 20 cha sheria ya vijiji kinabatilisha mila inayowanyima ardhi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Anayelipa kwa kaka mkubwa tu, bila mjane na madada kushirikishwa, huenda amenunua kesi ya baraza la ardhi.

Halmashauri ya wilaya nayo ina kazi. Viwanja vikipimwa mapema, mwenyeji na mgeni hupanga foleni moja. Vikichelewa, foleni hiyo hupangwa na dalali.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo: anza ofisi ya kijiji au idara ya ardhi, omba muhtasari wa mkutano, ndipo ufungue mkoba.